Mnaoanza kusoma picha za angani, ndege ziacheni kwanza

Wadogo zangu mnaoingia kozi ya upimaji hapa Kampala, na nyie wa droni, mkifika kwenye historia ya upelelezi wa angani mtakimbilia majina ya ndege. Spitfire, U-2, haya. Hayo hukaririwa usiku mmoja. Kinachowashinda wengi ni picha yenyewe.

Anzeni na Afrika. Tarehe 23 Oktoba 1911 Kapteni Carlo Piazza wa Italia aliruka kutoka Tripoli kuchungulia jeshi la Waturuki, na hapo ndipo ndege ilipotumwa vitani kupeleleza kwa mara ya kwanza. Miaka mitatu baadaye manowari ya Kijerumani, Königsberg, ikajificha kwenye delta ya Rufiji. Mabaharia waliifunika kwa matawi, na kutoka baharini mikoko iliziba kila kitu. Rubani Cutler akaiona kutoka juu, Novemba 1914. Sasa someni vizuri kilichofuata, maana watu hupenda kuishia hapo: ilichukua miezi! Meli kubwa za Waingereza hazikuweza kupita kwenye kina kifupi cha mto. Zikaletwa meli mbili zinazoweza kupita maji mafupi, Severn na Mersey, na tarehe 11 Julai 1915 watazamaji waliokuwa kwenye ndege wakazirekebishia shabaha mpaka Wajerumani wakailipua meli yao wenyewe.

Sura ya kurudia mara mbili ni ile ya Medmenham, kituo cha kusomea picha za angani huko Uingereza, wakati wa vita vya pili vya dunia. Pale mtu alikaa mezani na stereoskopu, kifaa cha kutazamia picha mbili pamoja ili kuona kimo cha vitu, akilinganisha picha ya leo na ya wiki iliyopita ya mahali pale pale. Constance Babington Smith alikuwa mmoja wao. Mwishoni mwa 1943 aliona kidude kama msalaba mdogo kwenye reli ya kurushia huko Peenemünde, Ujerumani: bomu la V-1, linaloruka lenyewe bila rubani. Juni 1944 mabomu hayo yakaanza kuangukia London. Mimi namweka juu ya rubani yeyote.

Kazini, geuza picha vivuli vikuangukie wewe. Ukiiweka kinyume, kilima huonekana shimo na bonde huonekana tuta. Vitabu vingi vya somo hili viliandikwa Ulaya, ambako kivuli cha adhuhuri huelekea kaskazini mwaka mzima. Sisi ikweta inatupitia: Juni huelekea kusini, Desemba kaskazini. Kwa hiyo usitafute kaskazini kwa kivuli kabla hujajua picha ilipigwa mwezi gani na saa ngapi.

Ujuzi huo wa vita ndio uliochora ramani zetu. Mwaka 1946 Waingereza walianzisha ofisi ya upimaji wa makoloni chini ya Martin Hotine, mpimaji wa jeshi, ikachora kutokana na picha za ndege. Ukichukua ramani ya 1:50,000 kwenye ofisi ya upimaji pale Entebbe, tafuta pembeni mwaka wa picha, si mwaka wa kuchapwa tu. Kijiji kilichohamia barabarani baada ya hapo hakimo.