Funga kitabu kwanza: kwa wadogo zangu mnaosomea udaktari

Kila mwaka wakiingia wapya hapa Nairobi swali ni lile lile, nisome masaa mangapi kwa siku? Mimi nawaambia masaa wekeni kando, niambieni mnasoma vipi, maana unakuta mtu amekaa laibrari tangu asubuhi, noti zote zimepakwa rangi ya manjano, lakini ukifunika ukurasa umuulize umesema nini hana jibu. Huyo ameangalia tu, hajasoma.

Kilichonibeba mimi kozi nzima ni kufunga kitabu. Chukua zile neva za mkono, brakio pleksasi, zinazotoa watu jasho pale Chiromo, kampasi tunakosomea anatomia. Soma, funga, shika biki uchore: mizizi 5 kuanzia C5 hadi T1, inaungana inakuwa mashina 3, kila shina linagawanyika mara mbili, zinaungana tena kuwa kamba 3, mwisho unabaki na neva kubwa 5. Pale kwa kamba ya nyuma kuna uwezekano mkubwa utakwama, na ukikwama usikimbilie kitabu, kaa hapo kidogo, sumbuka, ndio ufungue. Roediger na Karpicke, watafiti wa kumbukumbu kule Marekani, walilipima jambo hili 2006: waliosoma kwa kurudia rudia walifanya vizuri wakiulizwa baada ya dakika 5, ila wiki ikipita waliokuwa wamejiuliza wenyewe ndio walikumbuka zaidi.

Halafu unafika wodini, kuna jamaa ameanguka na boda, mfupa wa juu wa mkono umevunjika katikati na kiganja kinaning'inia, hawezi kukiinua. Ukiwa ulichora mwenyewe unajua neva ya radiali, moja ya zile 5, ile inayoinua kiganja, inapita imelala pale pale kwa mfupa, kwa hiyo huenda imeumia.

Ubunifu nao watu wanafikiri ni kipaji cha wachoraji, lakini mimi nauona sana kwa namna daktari anavyoongea na mgonjwa. Mama ana mtoto anaharisha, anakuuliza mbona unamuongezea maji na ndiyo yanamtoka? Aliyekariri ORS, ule mchanganyiko wa maji, sukari na chumvi, atarudia tu kipimo. Aliyeielewa atamwambia mama, sukari na chumvi zinaingia pamoja kwa utumbo na zikiingia zinavuta maji, ndio maana maji matupu hayatoshi. Kwa hiyo kila mada jaribu kumweleza mtu wa nyumbani kwa Kiswahili, shosho, dada, yeyote ambaye si daktari, ukishindwa jua kuna mahali hujaelewa.

Na kujikaza kunatoka hapo hapo. Mtu aliyezoea kukwama jioni chumbani mwake, siku konsaltanti, yaani daktari bingwa, akimuuliza kwenye raundi ya wodini mbele ya wenzake na hajui, atasema sijui daktari, ataenda kusoma, kesho anarudi. Anayesoma kwa macho tu hajawahi kuona anachokosa, kwa hiyo swali moja linamvunja wiki nzima, na nimeona watu wazuri sana wakiumia hivyo, inaniuma hadi leo. Kulala pia msidharau, ubongo unapanga uliyosoma ukiwa usingizini, kukesha kila siku ni kujiibia.

Kikundi cha watatu wanne kinatosha, mkiulizana bila noti. Na kama kuna mwenzenu anarudia mtihani msimwache nje, mwiteni, ameshajua maswali yanaumiza wapi.