Nilikuwa Eastleigh wakati wa Usalama Watch, wacha niwaeleze nilichokiona

Ndugu uliyeandika hapo juu kwamba polisi wapewe ruhusa ya kumfungia mtu bila korti, na kwamba asiye na cha kuficha haogopi, nimekusoma mara mbili. Umesema ulipoteza binamu kwenye shambulio la chuo kikuu cha Garissa, na kwa hilo pole sana, Mungu amlaze pema. Hasira yako naielewa. Lakini mimi nimeishi Eastleigh miaka saba, kazi yangu kushusha na kupanga mzigo wa nguo kwenye duka la mtu, na mwezi wa nne 2014 nilikuwa pale pale, kwa hivyo nivumilie niandike kirefu.

Tarehe 31 mwezi wa tatu mwaka huo mabomu yalilipuka mtaani kwetu jioni, pale watu wanapokula, wakafa sita. Hao waliokufa ni watu wa mtaa wetu. Baada ya siku chache msako ukaanza, ule walioita Usalama Watch, wakashikwa watu karibu 4,000, wengi wakapelekwa uwanja wa Kasarani. Mlango wangu uligongwa saa nane usiku kwa kitako cha bunduki. Mimi ni mtu wa Kisauni, Mombasa, kipande ninacho, nikakitoa. Askari akakitazama, akakitia mfukoni mwake, akaniuliza nina ngapi. Nikatoa elfu mbili ya kodi nikarudishiwa kipande changu. Mama wa chumba cha pili, Msomali Mkenya, mzaliwa wa huko huko Garissa, hakuwa na kitu, akachukuliwa na mtoto mgongoni, alirudi siku ya nne hawezi hata kuongea na mtu. Mtaani tulikuwa tunajiita ATM, maana kila sare ikipita lazima utoe.

Sasa niambie, baada ya yote hayo tulipata nini? Mwezi wa sita mwaka huo huo al-Shabaab, wale magaidi wa Somalia, wakavamia Mpeketoni kule Lamu, wakauawa zaidi ya watu 60. Mwezi wa kumi na moja wakateka basi la Mandera, wakauawa watu 28. Siku kumi baadaye wale wachimba mawe, 36, Mandera hiyo hiyo. Ndio hapo bunge likakimbilia kupitisha ile sheria ya usalama ya Desemba, wabunge wanapigana ndani ya ukumbi na kumwagiana maji, rais akatia sahihi kesho yake. Februari 2015 Mahakama Kuu ikafuta vifungu vinane, kikiwemo kile cha wakimbizi wasizidi 150,000, na kile cha kuwabana wanahabari. Vingine vyote vilibaki. Watu husema korti ndio ilifunga polisi mikono, lakini soma hukumu uone ni vingapi vilibaki.

Halafu tarehe 2 Aprili 2015 ikaja Garissa, wakauawa watu 148. Hapa ndugu yangu naomba unisikilize vizuri kwa sababu ni binamu yako. Mmoja wa wale waliovamia chuo alikuwa kijana aliyesomea sheria Chuo Kikuu cha Nairobi, baba yake chifu kule Mandera, na huyo baba alikuwa ameshapiga ripoti serikalini kwamba mwanawe amepotea na anahofia ameenda Somalia. Mzazi alijitoa akasema! Taarifa ilikuwepo, na asubuhi ya tukio kikosi cha Recce, makomando wa polisi, kikachukua masaa na masaa kutoka Nairobi kufika Garissa, huku watoto wanauawa mabwenini. Ni kifungu gani cha kufungia watu bila korti kingeharakisha kile kikosi? Mimi sioni.

Na ile hoteli ya Dusit Nairobi 2019, wakauawa watu 21. Aliyeongoza lile kundi hakutoka Eastleigh, alikuwa amepanga nyumba Muchatha, Kiambu, baba yake mwanajeshi wa Kenya, na kabla ya shambulio vyombo vya nyumba vilikuwa vinatangazwa kuuzwa Facebook. Ungepiga msako Eastleigh mwaka mzima usingemfikia. Mtu wa kwanza kuona kitu hakiko sawa kwa mtu kama huyo ni jirani, ni keateka anayetunza ploti, ni muuza mboga wa getini.

Ndio maana nataka nikueleze hii moja, sijawahi kuiandika popote. Mwishoni mwa 2014 kwenye ploti yetu waliingia wapangaji wawili, walilipa kodi ya miezi mitatu kesh, madirisha hawafungui, usiku wanaletewa mabegi mazito na gari isiyokaa hata dakika tano. Mimi na keateka tuliona wote wawili. Tukakaa siku nne tunaulizana nani aende stesheni, kila mmoja anamsukumia mwenzake, kwa sababu jamaa mmoja wa jirani aliyeenda kuripoti kitu kama hicho aliulizwa wewe umejuaje, akalala ndani, ndugu zake wakachanga kumtoa. Siku ya tano wale watu walikuwa wamehama. Mpaka leo sijui walikuwa kina nani, na ile basi ya Mandera ilipotokea sikulala wiki nzima, nilikuwa nahesabu siku nijue kama ni wao. Nilikuwa na kitu cha kusema na sikusema, kwa sababu ya ile elfu mbili na kile kitako cha bunduki.

Miaka miwili baadaye alikuja ofisa mmoja kwenye baraza la Nyumba Kumi, ule mpango wa majirani kulinda mtaa pamoja na polisi, mtu mzima, akavua kofia, akakaa kwenye benchi na wazee, akatuambia najua mmeumizwa, hii namba ni yangu mwenyewe, usiniambie jina lako. Watu wakacheka pembeni, mimi nikaichukua. Siku moja nikampigia kuhusu stoo fulani ya nyuma ya duka, moyo unadunda. Baada ya siku tatu akanipigia yeye, akaniambia ilikuwa sukari ya magendo tu, lakini asante, na ukiona kingine nipigie hata usiku. Hakuniuliza nimejuaje. Tangu hapo nikampigia mara tatu zaidi, na keateka naye, na mama wa chumba cha pili naye, yule yule aliyepelekwa Kasarani.

Alihamishwa 2018. Namba yake bado iko kwa simu yangu lakini haipatikani, na aliyeletwa baada yake hajawahi kuja barazani, hata jina lake hatulijui.