Anayepinga minisketi lakini anataka benki ziwe za serikali: kisiasa ni wa kulia au wa kushoto?

Vyote viwili, kwa sababu hiyo ni mizani miwili tofauti. Mmoja unapima uchumi: nani amiliki, nani alipe kodi (kushoto ni serikali ishike zaidi, kulia ni watu binafsi). Mwingine unapima maadili: dini, familia, mavazi (kulia ni kushikilia mila, kushoto ni kila mtu ajiamulie). Ukiichanganya utapata jibu la katikati lisilomhusu mtu yeyote.

Mfano upo hapahapa kwetu Tanzania. Februari 1967 TANU, chama tawala cha wakati huo, ilitangaza Azimio la Arusha, mwongozo wake wa ujamaa, benki zikataifishwa, na viongozi wakakatazwa kuwa na nyumba za kupangisha, hisa kwenye makampuni au mishahara miwili. Kiuchumi hiyo ni kushoto kabisa. Mwaka uliofuata Umoja wa Vijana wa chama hichohicho ukatangaza Operesheni Vijana: marufuku minisketi, mawigi na suruali za kubana. Kimaadili hiyo ni kulia. (Hoja yao ilikuwa kulinda utamaduni wa taifa, ingawa suti za wazee wa chama hazikuguswa.)

Ukitaka kujipima, jiulize maswali ya kila mzani peke yake, na kila swali liwe na gharama yake. "Serikali isaidie wanyonge?" halipimi kitu, kila mtu atasema ndiyo. Uliza hivi: ungekubali VAT (kodi ya ongezeko la thamani) ipande juu ya asilimia 18 ili dawa ziwe bure? Hapo ndipo watu huanza kugawanyika. Kwenye maadili usiulize "unaheshimu mila?", uliza kama sheria imwadhibu anayekiuka mila hizo. Wengi huchukia jambo fulani bila kutaka polisi waingilie.