Bodi ya ushauri ya maktaba ina nguvu gani?

Dada, umeuliza kama ukiingia kwenye bodi ya ushauri ya maktaba za kaunti ya Multnomah, hapo Portland, jimbo la Oregon, Marekani, utaweza kuamuru vitabu vya Kiswahili vinunuliwe. Kuamuru, hapana. Kuchagua vitabu ni kazi ya wakutubi. Bodi hushauri tu, na kauli ya mwisho ni ya makamishna wa kaunti, ambao ndio wanaoongoza pia wilaya ya maktaba, yaani chombo cha umma chenye kodi yake ya kuendesha maktaba, iliyopitishwa na wapiga kura mwaka 2012.

Ila usiidharau. Nguvu yake iko kwenye bajeti. Fedha za uendeshaji hutoka hasa kwenye kodi ya majengo na ardhi, na mwaka 2020 wananchi waliridhia mkopo wa dola milioni 387 wa kujenga na kupanua matawi. Pesa nyingi hivyo zinahitaji mtu wa kuuliza: saa za jioni zimepunguzwa tawi lipi, na kwa nini hilo? Swali hilo likiingia kwenye kumbukumbu za kikao, si rahisi kulipuuza.

Kwa hiyo usiende na "tunataka vitabu vyetu". Sema ni familia ngapi, tawi gani, watoto wa umri gani. Mimi naamini hoja ya namna hiyo hufika mbali kuliko malalamiko.

Sheria ya Oregon inataka vikao hivyo viwe wazi kwa umma. Kahudhurie kimoja kwanza, ndipo ujaze fomu ya kuomba kuingia kwenye bodi.