Titi limevimba na lina donge: nikande, nikamue, au niache kunyonyesha?

SWALI: Shikamoo dada mkunga. Nina miaka 24, niko Morogoro, na huyu ni mtoto wangu wa kwanza, ana wiki tatu. Tangu juzi titi la kulia limejaa upande wa kwapani, lina donge gumu kama ndimu na linauma hata nguo ikigusa. Jana usiku nilitetemeka kwa baridi mpaka nikajifunika mablanketi mawili. Mama mkwe anasema mtoto amenibeulia ziwa, nisimpe hilo mpaka lipone. Ananikanda kwa taulo la maji ya moto, analichana kwa kitana, kisha ananiambia nikamue mpaka liishe kabisa. Nikishakamua, baada ya muda mfupi linajaa kuliko mwanzo. Jirani amenipa vidonge vya amoksilini vilivyobaki nyumbani kwake. Je, maziwa yangu yameharibika? Nifanye nini?

JIBU: Marahaba mdogo wangu, na pole sana. Siku uliyoniandikia nilikujibu kwa kifupi kwamba uende kituo cha afya siku hiyohiyo, kwa sababu ya ile homa ya kutetemeka. Sasa nakujibu kwa kirefu, maana barua kama yako napokea nyingi.

Kwanza, maziwa hayajaharibika. Mtoto anyonye titi hilohilo linalouma. Huenda akalikunjia uso kidogo, kwa sababu titi likivimba maziwa yake huwa na chumvichumvi, lakini hayamdhuru. Kinachodhuru ni kuliachisha ghafla: maziwa yanabaki ndani, uvimbe unazidi, na njia ya kuelekea kwenye jipu inafunguka. Kubeua kwa mtoto hakuingizi kitu kwenye titi. Bakteria wako kwenye ngozi yako na mdomoni mwake kila siku, na siku nyingi hawaleti shida yoyote.

Sasa hili la kukanda na kukamua. Mimi mwenyewe niliwafundisha akina mama hivyohivyo kwa miaka mingi: maji ya moto, kanda kwa nguvu kuelekea kwenye chuchu, kamua titi libaki tupu. Tulidhani kuna kipande cha maziwa kimeganda na kuziba mrija, kama taka kwenye bomba. Mwaka 2022 Academy of Breastfeeding Medicine, chama cha madaktari wa masuala ya unyonyeshaji, kilitoa mwongozo uliobadilisha mawazo hayo, nami nimebadilika.

Mirija ya maziwa ni mingi, myembamba, imefumana kama mizizi ya nyasi. Titi likijaa kupita kiasi, nyama inayoizunguka huvimba na kuibana kutoka nje. Lile donge unaloshika kwa sehemu kubwa ni uvimbe, si bonge la maziwa linalongoja kusukumwa. Mtu akiumwa na nyigu mdomoni, mdomo ukavimba, hakuna anayeukamua. Kitana na vidole vyenye nguvu vinaumiza nyama ambayo tayari imeumia, na maji ya moto sana yanaleta damu zaidi mahali palipokwisha kufurika. Kuhusu kukamua mpaka liishe, wewe mwenyewe umekwisha kuona jibu: linajaa kuliko mwanzo. Titi hutengeneza kulingana na kinachotoka. Ukilimaliza kila mara, unaliambia una mapacha.

Kwa hiyo mnyonyeshe kama kawaida, anapotaka, pande zote mbili, bila kumlazimisha arudi kwenye titi linaloumwa mara mbilimbili. Akishalala na titi bado limekaza, kamua kidogo tu kwa mkono, upate nafuu, kisha acha.

Badala ya moto, tumia ubaridi. Chupa ya maji kutoka kwenye friji, au barafu, izungushie kanga usiunguze ngozi, weka dakika 10 hadi 20, pumzika, rudia. Huna friji, chovya kitambaa kwenye maji ya mtungi. Kabichi baridi unaweza kuitumia ukipenda, lakini kinachosaidia pale ni ubaridi wake.

Kama unataka kupitisha mkono, lala chali na uguse titi kwa uzito uleule unaoutumia kumfuta mtoto mchanga uso. Ngozi tu isogee. Anzia karibu na chuchu, telezesha vidole kuelekea kwapani, na mara nyingine kuelekea kwenye mtulinga, yaani mfupa wa juu ya kifua. Huko ndiko maji ya uvimbe yanakopita kuondoka. Ukiona unakunja uso kwa maumivu, umebonyeza mno.

Huenda mtoto anashindwa kushika kwa sababu weusi unaozunguka chuchu umekaza. Kabla hujampa, weka ncha za vidole kuzunguka chuchu, bonyeza taratibu kuelekea kifuani, shikilia kama dakika moja. Panalainika. Kisha ngoja afungue mdomo wazi kabisa, kama anayepiga miayo, ndipo umlete kwenye titi, kidevu kikitangulia. Mdomo wa chini ugeukie nje. Mtoto anayening'inia kwenye ncha ya chuchu hatoi maziwa vizuri, na anakuachia vidonda.

Kwa maumivu na uvimbe, ibuprofeni miligramu 400 kila baada ya saa 8, baada ya chakula, inafaa kwa anayenyonyesha. Ukiwa na vidonda vya tumbo, pumu au tatizo la figo, usiinywe bila kumwuliza mhudumu. Parasetamoli ndiyo ikufae. Aspirini iache.

Vile vidonge vya jirani mrudishie. Bakteria anayeongoza kwa kuleta ugonjwa huu ni Stafilokokasi, na wengi wa aina hiyo wana kimeng'enya kinachoivunja amoksilini kabla haijafanya kazi. Unakunywa, homa inatulia kidogo kwa sababu ya parasetamoli, unadhani unapona, kumbe ndani jipu linajitengeneza. Dawa zinazotumika kwa kawaida ni flukloksasilini au kloksasilini, miligramu 500 mara nne kwa siku, siku 10 hadi 14, zikiandikwa na aliyekupima. Kama penisilini inakudhuru, sema mapema, zipo nyingine. Tena si kila titi lililovimba linahitaji antibiotiki. Uvimbe wa siku moja usio na homa kubwa mara nyingi hutulia kwa ubaridi, ibuprofeni na kunyonyesha kama kawaida. Lakini homa ikivuka saa 24, au ukitetemeka na kujisikia mgonjwa kama ulivyokuwa, usingoje nyumbani.

Jambo moja linanisumbua kwenye vitabu vingi: wanasema tazama wekundu. Kwa ngozi zetu nyeusi wekundu haujitokezi hivyo. Tazama kama ngozi inang'aa na kukaza kuliko upande wa pili, au imekolea rangi. Weka mgongo wa mkono kwenye matiti yote mawili ulinganishe joto.

Ukiwa umeanza antibiotiki na saa 48 zimepita bila nafuu, rudi hospitalini upigwe ultrasaundi. Kati ya wanawake 3 na 11 kwa kila 100 wanaopata ugonjwa huu huishia kwenye jipu. Jipu hutolewa usaha kwa sindano au kwa kuchanjwa kidogo, na mara nyingi mama anaendelea kunyonyesha. Usikubali kulipasua nyumbani kwa wembe.

Mama anayeishi na VVU maelekezo yake ni tofauti: anyonyeshe titi lililo zima, lile linaloumwa alikamue na kumwaga maziwa yake mpaka lipone, asiache dawa zake, na awaone wahudumu wa kliniki siku hiyohiyo.

Mama mkwe wako anakupenda, na alikutendea yale aliyotendewa yeye. Msomee barua hii. Mwambie kazi yake ipo bado, tena kubwa: akuletee uji na maji, na ukishamaliza kunyonyesha amchukue mtoto upate kulala saa mbili mfululizo. Kukanda mgongo na miguu aendelee, titi tu aliache.

Baada ya homa kuisha, donge huchukua siku kadhaa kupotea. Lishike kila asubuhi unapooga. Likiwepo bado baada ya wiki mbili, au ngozi ya juu yake ikawa na vishimovishimo kama ganda la chungwa, nenda ukapimwe hata kama haliumi tena.