Mabomba mawili ya karatasi: fumbo la hesabu la kutuma kwa video

SWALI: Ninafundisha hisabati Gredi ya 7 hapa Lamu. Likizo hii nataka kuwatumia wanafunzi mafumbo ya vitendo kwa video. Baadhi yao hurudi kwao Faza na Kizingitini, mtandao unasuasua na simu ni ya mzazi. Video iwe ya urefu gani, niirekodi vipi, na nitajuaje kwamba mtoto amefanya mwenyewe wala hakutazama tu?

JIBU: Mwalimu, naanza na hilo la mwisho kwa sababu ndilo linaloamua mengine. Video ikionyesha jibu, mtoto ataitazama mpaka mwisho, atafurahi, na karatasi haitakunjwa. Ikate kabla ya jibu.

Chukua fumbo hili. Karatasi mbili za A4, kila moja sentimita 29.7 kwa 21. Moja iviringe iwe bomba refu jembamba, nyingine iwe bomba fupi pana. Kingo zigusane bila kupandana, kisha ubandike kwa selotepu. Yasimamishe kwenye sinia, shika kikombe cha mchele juu yake na uulize: lipi litabeba zaidi, au yote sawa? Zima kamera kabla punje ya kwanza haijadondoka.

Wengi watasema sawa, maana karatasi ni ile ile. Usilibeze jibu hilo, ni la mtoto anayefikiri. Waambie waingize bomba refu ndani ya lile pana, wajaze refu mpaka juu, kisha walivute polepole. Mchele utamwagika ndani ya pana na kuishia njiani: ukingo uko sentimita 21, mchele utatulia kwenye 14.8 hivi. Basi jibu unalotaka kutoka kwa kila mtoto ni kimo hicho, kipimwe kwa rula. Aliyefanya kweli atakuletea 14 na nusu au 15, kwa kuwa mkono haulingani na mwingine. Darasa zima likikuletea 14.8, uliza tena. Namba moja yatosha kwa SMS, hata bando la mzazi likiisha. Asiyeruhusiwa kuchezea mchele atumie mchanga mkavu.

Video ya pili, siku chache baadaye, ndiyo ya maelezo. Ujazo ni mzingo mara mzingo mara kimo, ugawanye kwa 4π. Bomba refu linapata takriban sentimita za ujazo 1,042, fupi 1,474. Mzingo unaingia mara mbili kwenye hesabu, kimo mara moja tu, ndiyo maana upana unashinda.

Kuhusu urefu, dakika 2 ni nyingi kwa video ya kwanza, lakini tuzipigie hesabu. Simu ikirekodi kwa 1080p, yaani picha ya ubora wa juu, hufikia megabiti 10 kwa sekunde au zaidi: sekunde 120 ni megabiti 1,200, gawanya kwa 8 (biti 8 ni baiti moja), upate MB 150. Ukiipunguza kwa programu ya kuhariri hadi 480p na kilobiti 500 kwa sekunde, dakika hizo hizo ni MB 7.5, na mabomba yanaonekana vizuri tu. Punguza mwenyewe, ukague, ndipo utume. Usiiachie WhatsApp ikubanie.

Kurekodi si kazi. Egemeza simu kwenye vitabu, lenzi iwe usawa wa sinia, mwanga wa dirisha utoke ubavuni. Usirekodi ufukoni, upepo wa kusi utameza sauti yako. Ionekane mikono tu. Nao watoto wakikutumia picha, ziwe za mabomba, si za nyuso zao.

Watakaomaliza mapema wape hili: kata A4 katikati kwa urefu, unganisha vipande viwe utepe wa sentimita 59.4 kwa 10.5, uviringe tena. Waulize ujazo umepanda au umeshuka. Unakuwa 2,948, maradufu ya lile bomba pana, na wakiukata utepe tena kwa urefu utaongezeka maradufu tena.