Tumbo Limegeuka Ngoma

SWALI: Shikamoo dada. Wiki mbili zilizopita niliamua kula kiafya. Asubuhi vijiko vinne vya pumba za ngano ndani ya maziwa, mchana bakuli la maharage, usiku dengu. Nilitegemea choo kilainike. Badala yake tumbo limevimba, linanguruma hadi wenzangu kazini wanageuka kunitazama, na choo kimekuwa kigumu kuliko zamani. Mume wangu ananicheka. Yeye anasema juisi yake ya machungwa inamtosha. Au nyuzinyuzi hazinipatani?

JIBU: Marahaba mdogo wangu, na pole. Nimecheka kidogo, lakini si kwa ubaya. Nilipokuwa mwanafunzi wa lishe nilifanya yaleyale, tena nikiwa na kitabu mkononi. Siku ya tatu, katikati ya mtihani wa mazungumzo, tumbo lilijibu kabla yangu.

Nyuzinyuzi zinakupatana. Kasi uliyoanza nayo ndiyo imekuumiza. Nyuzinyuzi (wengine huziita makapimlo) ni sehemu ya mmea ambayo vimeng'enya vyetu haviwezi kuisaga, hivyo hupita utumbo mwembamba bila kufyonzwa. Zikifika utumbo mpana zinakuta bakteria kwa matrilioni. Hao huchachusha aina kadhaa, hasa zile za maharage na dengu, na katika kuchachusha hutoa gesi. Hiyo ndiyo ngoma yako. Hutoa pia asidi kama butireti, ambayo ndiyo chakula kikuu cha seli za ukuta wa utumbo mpana, kwa hiyo usiwalaani. Umewaletea karamu ghafla kabla hawajazoea.

Pumba za ngano zina tabia nyingine. Hazichachuki sana, kazi yake ni kuongeza ujazo wa choo na kushika maji. Sasa niambie, unakunywa maji kiasi gani? Katika barua yako umetaja vyakula vyote, maji hukuyataja hata mara moja. Pumba zisizopata maji zinaweza kukaa tumboni kama tope lililokauka.

Fanya hivi. Pumba ziweke kando kwanza. Maharage punguza hadi nusu kikombe kwa siku, dengu zipumzike, ukae hivyo wiki nzima kabla ya kuongeza kitu. Maharage yaloweke usiku kucha, maji yale uyamwage, uyapike kwa maji mapya hadi yaive kabisa. Sehemu ya sukari zinazoleta gesi huondoka na maji ya kulowekea. Kunywa maji pamoja na kila mlo. Wiki ya pili ongeza tunda na ganda lake, kama tofaa, au nafaka isiyokobolewa. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2023 unataka mtu mzima apate angalau gramu 25 za nyuzinyuzi kwa siku, kutoka kwenye chakula chenyewe. Kikombe kimoja cha maharage yaliyopikwa kina gramu 13 hadi 15, kwa hiyo unaona hakuna haja ya kujitesa kwa vijiko vya pumba. Mimi sikuzirudia tena tangu ule mtihani.

Kama unatumia dawa ya tezi ya shingo, usiimeze pamoja na pumba, maana zinapunguza ufyonzwaji wake. Muulize mfamasia uache muda gani kati yake. Na ukiona damu kwenye choo, ukikonda bila sababu, au choo kikiendelea kusumbua kwa wiki kadhaa, nenda kwa daktari. Hapo usiningoje mimi.

Na shemeji? Chungwa moja zima lina takriban gramu 3 za nyuzinyuzi. Akishalikamua na kulichuja, karibu zote zinabaki kwenye chujio. Mwambie ale yale anayoyatupa.